Punje za Uwanda wa Kitulo

Punda wa chuma, mashine ya kubebea mizigo, alikuwa ameshapita geti la hospitali na kushika njia ya mlimani, na Nesi Atuganile alikuwa bado anakaza kamba za sanduku huku akimkimbilia ubavuni, kiatu kimoja hakijafungwa. Mbele yao, hatua hamsini hivi, Mzee Lwidiko Sanga alikuwa anazama ukunguni, fimbo begani badala ya mkononi.

"Mzee," nesi aliita, "kiongozi wa njia huongoza watu, haongozi ukungu."

"Mwambie huyo punda wako aache kunusa kila jiwe," sauti ikarudi. "Mimi nimeshaanza safari, ninyi bado mnaaga."

Alikuwa na miaka sabini na moja, na thelathini ya hiyo alikuwa amebeba posta ya uwandani, kituo hadi kituo, kwa miguu. Alipenda njia kuliko alivyopenda nyumba yoyote aliyowahi kulala. Lakini tangu tezi yake ya shingo ilipozimika, miaka kumi na tisa sasa, alikuwa anatembea kama mtu aliyefungiwa gunia la viazi mgongoni na kuambiwa asilitaje. Kidonge cheupe kila asubuhi kilimpunguzia gunia, hakikulishusha. Leo gunia halikuwepo. Leo ilikuwa siku ya thelathini na moja tangu apandwe punje, na alikuwa anapanda mlima huku anapiga mluzi.

Nesi alimfikia kwenye mwinuko wa pili, anahema. Alimtazama akivua koti la sufu na kulitupia juu ya punda, katika baridi ambayo sakitu ilikuwa bado nyeupe majanini.

"Mwili umekuwa wa kijana," alisema nesi, naye akafurahi kweli, kwa maana ni yeye aliyempanda punje. "Wakikuona wewe tu, watu wa vituoni watanipa mikono kabla sijafungua sanduku. Sasa nisikilize, uniambie kama wazee wako watanielewa." Akakohoa kidogo, akajiweka sawa. "Wazazi wangu, shikamooni..."

"Anza na kamwene. Huku juu asiyeanza na kamwene ni mtoza ushuru."

"Kamwene, wazazi wangu. Vidonge vyeupe havitakuja tena. Viwanda vya ng'ambo vimefungwa, dunia yote imehamia kwenye punje. Nimewaletea punje ishirini na tatu, kila mgonjwa yake. Inakaa hapa, chini ya ngozi ya mkono wa juu, ina chembe hai ndani, nazo zinatema homoni ya tezi kwenye damu moja kwa moja..."

"Usiseme zinatema. Nani anataka kutemewa?"

"Zinachuruzisha. Humezi kitu, husahau kitu. Nitaigusa punje kwa huu ufunguo wa sumaku na kuipa kiwango. Kiwango kinatoka kwenye kadi yako: Jedwali linachukua kidonge chako, linakata robo ambayo tumbo la kila mtu huipoteza, kinachobaki ndicho chako. Kwa siku arobaini ninaweza kukibadilisha. Siku ya arobaini nitarudi na karatasi ya kipimo, tone moja la damu, tuone kama tumelenga. Baada ya hapo punje inajifunga na mwili, na kiwango hicho utakaa nacho miaka kumi."

"Karatasi ngapi?"

"Moja kwa mtu mmoja. Ishirini na nne pamoja na yako. Zinatengenezwa kwa shida kuliko punje zenyewe."

"Umesema vizuri. Punguza hiyo habari ya kukata robo, watadhani unawapunja."

Walipovuka kijito mzee alimpa mkono asiteleze, na nesi, kwa mazoea ya kazi, vidole vyake vikatua kwenye mshipa. Akahesabu akiwa amesimama katikati ya maji.

"Mapigo yako yanakimbia, mzee."

"Nimepanda mlima, mwanangu. Ulitaka yalale?"

Nesi akacheka, akamwachia. Mzee Sanga hakumwambia kwamba yalikuwa yanakimbia hivyohivyo hata akiwa kitandani, wala kwamba mkanda wake ulikuwa umeongezwa matundu mawili.

*

Kituo cha Kwanza kilikuwa cha Mama Onolina Chaula, mtunza mapanga ya upepo yanayofua umeme, mwanamke wa miaka hamsini na ushei mwenye mabega ya fundi na ulimi wa kunyolea. Aliwaona kwa mbali, na walipofika kibarazani birika lilikuwa limeshatoka jikoni.

"Kamwene."

"Kamwene, mama."

"Kaeni. Msiniambie habari za njia kwanza, mnywe."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya uwanda mzima, na hakuna serikali iliyoitunga. Mgeni hupewa chai ya maziwa kabla ya kuulizwa ametoka wapi. Chai ya rangi huwekwa msibani, watu wakiwa hawana moyo wa kukamua. Na maziwa ya Kitulo ya siku hizo hayakuwa mzaha: ng'ombe walikuwa wa mbegu mpya, iliyobuniwa kwa ajili ya wazee wa mifupa myepesi, na maziwa yao yalibeba chokaa ya mifupa mara tatu ya yale waliyokunywa babu zetu. Chai ilikuwa nzito hadi kijiko kinasita kuzama.

Jioni kabla jua halijazama, nesi alifungua fomu akasoma maswali kama yalivyo. Una mimba? Mama Onolina alicheka hadi akashika mbavu. Una ugonjwa wa moyo? Hapana. Kidonge ulikuwa unameza kabla ya kula chochote?

"Kabla ya kula, ndiyo. Nikiamka tu. Hilo mlitufundisha, na sisi si watu wa kufundishwa mara mbili."

Nesi akaweka alama ya tiki. Akaosha mkono, akapanda punje kwa kitu kama sindano nene, akaigusa kwa ufunguo. Ufunguo ukalia mlio mmoja mfupi: mia na hamsini. Mama Onolina alikunja mkono akautazama kama anatazama nati aliyoikaza mtu mwingine.

"Basi?"

"Basi."

"Miaka ishirini ya vidonge, halafu basi."

Asubuhi nesi alikuwa nje anamfungia punda mizigo. Mzee Sanga, ambaye alikuwa amelala kwa saa tatu tu na kuamka akiwa mzima kama ngoma, alikuwa amekaa jikoni. Mama Onolina akashika fundo dogo kwenye pindo la kanga, akalifungua. Ndani mlikuwa na kidonge cheupe kimoja.

"Nilikiweka cha kuagana nacho," alisema. "Usimwambie nesi." Akakitupa mdomoni, akakisukuma na chai, mikupuo mitatu mikubwa, kisha akajimiminia kikombe cha pili.

Mzee Sanga alibaki ameshika kikombe chake hewani.

"Ulikuwa unameza hivyo siku zote?"

"Hivyo vipi?"

"Na chai."

"Sasa ningemeza na nini, na mate? Chai si chakula, mzee. Chakula ni viazi. Viazi nakula saa nne." Akamtazama. "Wewe ulikuwa unameza na nini?"

Alikuwa anameza na chai. Miaka kumi na tisa. Angewezaje vinginevyo? Mbeba posta huamka katika nyumba za watu, na kabla hajafumbua jicho la pili kikombe kimeshamfika mkononi, na mwenye nyumba amesimama anangoja aone kama kimekolea. Fomu yake nayo ilikuwa na tiki palepale. Hakudanganya. Aliulizwa kama alikuwa amekula, na hakuwa amekula.

Halafu akakumbuka kambi ya wachimbaji kule Chunya, jambo ambalo hakuwa amelifikiria kwa miaka tisa. Mvua ilikata barabara akakwama huko wiki tano. Alikuwa na vidonge vyake, vilevile, kwa idadi ileile. Maziwa hayakuwepo, watu walikunywa chai ya rangi kutoka kwenye pipa. Na katika wiki ya nne moyo wake ulianza kukimbia, vidole vikawa vinatetemeka akishika kalamu ya kusainisha watu, usingizi ukamkimbia, na akajiona ana nguvu za ajabu. Alidhani ni hewa ya bondeni. Aliporudi uwandani mambo yale yakazimika polepole, gunia likarudi, na akasema moyoni kwamba uzee ndio huo.

Mzee huyu alisoma darasa moja hapa na lingine kule, kulingana na baba yake alipokuwa ameajiriwa, na hesabu za sehemu hakuzipata kabisa kwa kuwa mwaka huo walikuwa wanahama. Lakini hesabu hii aliiona. Maziwa yalikuwa yanakamata kidonge tumboni. Madaktari walipopima damu wakaikuta imepungukiwa, wakaongeza kidonge. Maziwa nayo yakala nyongeza. Hivyo hadi kadi zikafika mia mbili, mia mbili na ishirini na tano. Na sasa punje haikuwa inapita tumboni. Haikuwa inakutana na chai ya mtu yeyote.

Aliweka kikombe chini, akatoka nje, akashika njia.

*

Hakusema kitu kwa kilomita kumi na mbili.

Haikuwa kwamba hakuelewa. Alielewa sana, na ndiyo maana alitembea mbele zaidi, mahali nesi asingeweza kumwona uso. Siku nane tu zilikuwa zimebaki punje yake ifike arobaini. Siku hiyo kipimo kingeonyesha ukweli, nayo ingeshushwa. Isipokuwa kama angepotea njia kidogo, na mtu aliyetembea Kitulo miaka thelathini anajua namna ya kupotea. Siku moja ya kuchelewa, punje ingejifunga, na miguu hii ingekuwa yake. Moyo ungechoka mapema, alijua, hakuwa mjinga. Lakini aliitazama njia ikija chini ya viatu vyake, na maua ya manjano yakipepea pande zote mbili, na akafikiri: miaka miwili ya hivi, au kumi ya vile? Moyo ni wangu. Nani ananidai maelezo?

Kuhusu wengine alijipa maneno. Mama Onolina ana mabega. Nesi atarudi siku ya arobaini na karatasi zake. Wataalamu wameandika Jedwali. Yeye ni nani, mtu wa barua? Na angewaambia nini watu wa uwandani, kwamba chai zao, zilizomlea, ndizo zilizokuwa zinawaibia dawa?

Maneno hayo yalimvusha Kituo cha Pili, ambacho hakikuwa na mgonjwa, na kumfikisha Kituo cha Tatu.

Bibi Sekela Mahenge alikuwa amekaa kando ya jiko amevaa makoti matatu. Umri wake ulikuwa themanini na moja. Vidonge vilimwishia wiki saba kabla, na Mzee Sanga, ambaye alimfahamu kama mwanamke aliyeweza kutukana watu wanne kwa pumzi moja, alimkuta uso umevimba, nyusi zimenyonyoka, na sauti imekwenda chini kabisa kama inatoka kisimani.

"Lwidiko," alisema, na ikapita nafasi ndefu. "Umekonda. Wamekuacha nje... usiku?"

"Nimepona, dada."

"Kupona... ndiyo huko?"

Akainuka mwenyewe kuandaa chai, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Ilimchukua karibu nusu saa. Alipowapa vikombe, nesi alipiga magoti akashika mkono wake, kisha akaweka kifaa cha kusikilizia kifuani. Mapigo arobaini na sita. Nyuma ya mapigo palikuwa na mvumo, kama upepo chini ya mlango. Kadi ilisema hivyo pia: moyo dhaifu, mlango mmoja haufungi vizuri.

"Nimechoka, mwanangu," Bibi Sekela alisema. "Nalala nikiwa naongea. Juzi nimelala nikiwa... nasali. Nipe hiyo punje leo. Usiniambie kesho."

"Leo, bibi."

Punje ikaingia. Nesi akasoma kadi: mia mbili na ishirini na tano. Akakata robo, akaupanga ufunguo: mia na sabini. Akausogeza mkononi.

"Ngoja," alisema Mzee Sanga.

Alisema akiwa anatazama mlango. Halafu, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akasema yote: kidonge cha Mama Onolina, chai, Chunya, mkanda, mapigo ya usiku. Alinyoosha mkono mbele ya nesi, akachukua kadi ya bibi akaiweka juu ya vidole vilivyonyooshwa, na kadi ikatetemeka kama jani.

Nesi Atuganile aliuondoa ufunguo mkononi mwa bibi.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Tumetembea saa nne."

"Nimetembea nazo zote, nesi."

"Na jana nimempanda punje Mama Onolina." Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. "Ningeondoka hapa. Ningemwacha bibi huyu na moyo huu siku arobaini, na hiyo namba. Wewe ungekuwa mbele unapiga mluzi."

Mzee alimrudishia kadi.

Aliyejibu ni Bibi Sekela. "Mnasema... chai yangu ni sumu?"

"Hapana, bibi. Maziwa yanakishika kidonge, hakiingii chote kwenye damu. Ulikuwa unameza na chai?"

"Naamka, naweka chai, nameza. Ulitaka ninywe chai ya rangi? Nimefiwa na nani?" Hasira ilimpa kasi kidogo. "Mngesema. Mlisema tusile. Tukaacha kula."

"Kweli," alisema nesi taratibu. "Tulisema msile."

*

Saa saba mchana ndiyo ilikuwa zamu yao ya redio. Dakta Kihwelo alipatikana, sauti yake ikija na kuzama kwa mikwaruzo. Alikuwa mtu mwadilifu na aliyechoka, na alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza, jambo ambalo nesi alimshukuru kwalo baadaye.

"Jedwali lilitengenezwa kwa watu elfu nne, Atuganile."

"Walikuwa wapi, dakta?"

"Wodini. Walilazwa. Kengele ya kwanza wanameza na maji, kengele ya pili, baada ya saa nzima, ndiyo uji." "Sawa. Nimekuelewa. Lakini una ushahidi gani? Hadithi ya mbeba posta na mkono unaotetemeka. Mtu wa miaka sabini hutetemeka."

"Hatuna."

"Basi una njia mbili ninazoweza kukuruhusu: fuata Jedwali, au usipande, ushuke tuitishe kikao."

"Kikao kitachukua muda gani?"

"Mwezi. Pengine miwili."

Wote wawili jikoni walimtazama Bibi Sekela, ambaye alikuwa amelala akiwa amekaa, mdomo wazi kidogo. Wiki saba bila homoni. Mwezi mwingine angelala na asiamke. Mtu wa namna hii hupoa polepole, kama jiko lililosahauliwa.

"Ipo karatasi yangu," alisema Mzee Sanga.

Nesi aligeuka.

"Moja kwa mtu mmoja, si ndivyo? Nipime sasa. Kama nimeongopa, itasema nimeongopa."

"Hiyo ni ya siku ya arobaini, mzee. Nikiitumia leo sina nyingine ya kukupa. Nitashusha punje yako kwa kukisia, halafu itajifunga na tusijue tumelenga au tumekosa. Miaka kumi. Na punje ya pili haipandwi juu ya ya kwanza."

"Nimesikia hotuba yako njia nzima, naijua kuliko wewe."

"Chukua yangu," alisema Bibi Sekela, macho yakiwa bado yamefumba.

"Wewe, dada, utaihitaji hiyo kuliko sote. Lala."

Nesi alimchoma kidole. Tone likaingia kwenye karatasi, wakangoja, dakta naye akingoja huko bondeni na mikwaruzo yake. Karatasi iliyo sawa hubaki kijani. Hii ilipita kijani bila kusimama, ikapita manjano, ikafika rangi ya kutu na kuendelea kukolea, hadi ikawa kama udongo wa tofali.

Nesi alisoma namba redioni. Dakta Kihwelo akamwomba airudie, akairudia.

"Huyo mtu anatembea?" aliuliza dakta.

"Ananiacha nyuma na punda."

"Mungu wangu. Atuganile, nikikwambia shusha, nimevunja kiapo cha mradi mzima, maana sina mamlaka ya kubadili hata namba moja. Nikikwambia fuata Jedwali, nimevunja kingine. Na siwezi kumwona bibi huyo kutoka huku."

"Mimi namwona," alisema nesi.

Hakulisema kwa majivuno. Mzee Sanga, ambaye alikuwa amekutana na watu wengi njiani, na majambazi wawili, na askofu mmoja, baadaye alisema hajawahi kusikia maneno mawili yaliyosimama wima namna ile. Nesi alikuwa na miaka ishirini na saba. Alifungua fomu ya Bibi Sekela, akapiga mstari juu ya mia na sabini bila kuifuta, ili anayekuja aione. Pembeni akaandika sitini. Chini akaandika kwa nini, mistari mitano, hadi kambi ya Chunya akaitaja. Kisha jina lake kamili, namba yake ya usajili, tarehe, na saa.

"Sitini ni kidogo," dakta alisema alipomsomea.

"Moyo wake hautaki mbio, dakta. Nitaanza chini. Nikirudi siku ya arobaini nitakuwa na karatasi yake, nitapandisha."

"Sijakuruhusu."

"Najua. Imeandikwa kwamba hukuniruhusu."

Redio ikakwaruza. "Nisomee ile namba ya mzee mara nyingine," alisema Dakta Kihwelo. "Polepole. Naiandika."

Ufunguo ulilia mlio mmoja mfupi juu ya mkono wa Bibi Sekela, naye hakuamka.

Nesi alifuta ufunguo kwa kitambaa, akakunja mikono yake magotini. Hakumtazama Mzee Sanga.

"Yako inaweza kungoja hadi siku ya arobaini," alisema. "Sheria inaruhusu. Ungeweza kufaidi hizo siku nane. Njia iliyobaki ina milima."

Hapo ndipo nesi alipomshinda mzee kabisa, kwa maana alikuwa ameyajua yaliyokuwa moyoni mwake kwa kilomita kumi na mbili, na bado akamwachia achague.

"Ishushe leo," alisema mzee, akipandisha mkono wa shati. "Kabla sijaona njia."

"Tisini?"

"Wewe ndiye unayenitazama."

"Tisini," alisema nesi, na ufunguo ukalia.

Mzee Sanga aliketi akingoja kusikia kitu. Hakikuwepo. Homoni hii haina haraka, hupungua nusu kwa wiki moja. Akanywa chai yake, ambayo ilikuwa imepoa na kufanya utando. Kisha wakaanza kupanga namna ya kurudi kwa Mama Onolina kesho yake alfajiri, kabla ya kwenda mbele.

*

Mama Onolina alishushwa hadi themanini siku iliyofuata, naye alimsema Mzee Sanga kwa robo saa mbele ya punda. Siku ya arobaini karatasi yake ilikuwa kijani. Alitunza mapanga ya upepo miaka mingine kumi na minne, kisha akahamia Njombe kwa mwanawe.

Wagonjwa waliobaki walipandwa punje wote kwa viwango vya Nesi Atuganile, baada ya kila mmoja kuulizwa anachokunywa akishameza. Karatasi kumi na nane zilikuwa kijani, tatu zilikuwa manjano na zikarekebishwa. Bwana mmoja wa Kituo cha Sita, aliyekuwa anameza na ulanzi, pombe ya mianzi, kiwango chake cha Jedwali hakikuhitaji kuguswa.

Bibi Sekela alipandishwa hadi sabini na tano. Nyusi ziliota. Aliishi miaka sita.

Nesi Atuganile alipewa onyo la maandishi na kunyang'anywa ufunguo kwa miezi kumi na minane. Muda huo alifanya kazi wodi ya wazazi. Baadaye alirudishiwa, na akafundisha wapandaji wa nyanda zote za juu. Hakuolewa na mchumba aliyetarajiwa nyumbani kwao, aliolewa na mwingine.

Dakta Kihwelo alipeleka namba kwenye kikao. Kikao kilichukua miezi mitano. Fomu ilibadilishwa swali moja, na karatasi zikawa mbili kwa kila mtu. Katika wilaya nyingine, kabla ya mabadiliko hayo, walikuwa wameshafariki watu tisa waliopandwa kwa Jedwali. Aliomba kustaafu mapema, akakubaliwa.

Punda wa chuma aliharibika gia mwaka uliofuata na hakutengenezwa.

Punje ya Mzee Sanga ilijifunga siku ya arobaini ikiwa tisini. Mwaka mmoja baadaye alipopatiwa karatasi, ilionekana ilikuwa pungufu kwa kama kumi na tano. Alibeba posta miaka minne zaidi, kwa mwendo wa taratibu, akiwa amevaa koti. Alifariki Mbalizi, nyumbani kwa binti yake, kwa nimonia, akiwa na miaka sabini na minane.